Sinia Mlangoni kwa Hakimu

Jumatatu, 2 Oktoba

Presha 158 kwa 91. Daktari anataka niandike kila asubuhi. Zeyana kaninunulia daftari kubwa kama la mtoto wa skuli. Namba mbili kwa siku, kurasa mia mbili, nani atalijaza? Mie sipendi kitu kikae bure. Nitaandika na mengine.

Nimepika uji. Muna hakuunywa. Mjukuu wa miaka kumi na sita, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizungu, na mlango anaubamiza kwa lugha zote mbili.

Kesho Zeyana anakwenda kortini. Si kushtakiwa, kuhukumu. Mwanangu ni hakimu. Kaapa mwezi wa Juni, Msahafu mkononi, nami nilikuwepo na buibui jipya, nikalia mbele za watu na sikuona haya.

Leo ndiyo najua kwamba hawamlipi. Hata peni. Nimemwuliza mara tatu. Nauli wanamrudishia, na chakula cha mchana. Basi. Hospitali anakopanga miadi ya wagonjwa wanampa siku chache za ruhusa, zikizidi anakata kwenye likizo yake. Mtu ana miaka arobaini na saba, magoti yanamuuma, anakwenda kuamua maisha ya watu bure, kama aliyejitolea kufagia msikiti.

Nikamwambia, mtu halipwi, kwa nini asisinzie pale juu? Akasema, mama, halipwi, basi hakuna wa kumtisha kwa mshahara.

Jeuri. Sijui kairithi wapi.

Alhamisi, 5 Oktoba

161 kwa 90.

Zeyana kanihadithia korti yao. Hakuna joho. Hakuna zile nywele nyeupe za bandia ninazoziona kwenye televisheni. Blauzi ya kazini, ile niliyompigia pasi mie mwenyewe. Wanakaa watatu nyuma ya meza ya juu. Wa katikati ndiye msemaji, bibi wa Kizungu aliyekuwa akifundisha muziki. Wa pembeni anauza mazulia. Wa pembeni wa pili, mwanangu. Hakuna hata mmoja aliyesoma sheria. Mwenye sheria ni karani, anakaa chini mbele yao, wakikwama wanamwuliza. Sasa kwa nini asipande juu yeye?

Na nani kawachagua? Hakuna. Hakuna aliyewapigia kura. Zeyana alijaza fomu, akaenda kukaa kortini siku kadhaa kutazama, wakamwita interviu mbili, wakampa kiti. Mie napiga kura kumchagua mtu wa kaunsili wa kunichukulia taka. Mtu wa kunitia jela simchagui?

Zeyana anasema hakimu wa kura atahukumu huku akizitazama kura. Anasema yupo na jaji wa mshahara pale pale, msomi, anakaa peke yake, kesi za wiki nzima anazimaliza kabla ya chai. Na hawa wa bure wakifika miaka sabini wanaambiwa ahsanteni, nendeni nyumbani, wanaletwa wengine. Sabini! Mie nina sabini na moja na ningewakatia kesi zao zote kabla ya adhuhuri.

Watu watatu wasiosoma, kwenye meza moja. Nawajua mahakimu hao. Niliwaona kwetu Pemba. Sitaki kuandika habari zao leo.

Jumapili, 8 Oktoba

Presha sikupima. Nilitoka mapema, khitma ya mama yake Saada, kwenye ukumbi wa nyuma ya maduka, Tottenham. Biriani kavu. Wanawake wengi.

Nimesema. Kwa nini nisiseme? Kila mmoja ana mtoto daktari, mtoto wa benki, mtoto kafungua duka Thornton Heath. Nikawaambia, wangu hakimu.

"Eh, Bi Mize! Kumbe unakula sahani moja na hakimu?"

"Nakula naye, na sahani anaiosha yeye."

Wakacheka. Wakataka kujua yuko lini kazini. Nikawaambia, Jumanne, tarehe kumi na saba, njooni mumwone. Sikuwaambia halipwi. Bi Zuwena hakucheka. Kauliza korti gani. Baadaye, tunavaa viatu, kauliza tena korti gani. Nikamjibu mara zote mbili. Bi Zuwena ni wa Wete kama mimi, tulikuja nchi hii mwaka mmoja, watoto wetu wamevaliana nguo. Nikadhani ni mapenzi tu.

Jumanne, 10 Oktoba

174 kwa 99. Sababu naijua.

Tunaosha vyombo. Zeyana kaniambia, hivi hivi, kama anayesema sabuni imekwisha, kwamba kwenye interviu waliuliza kama kuna jambo lolote maishani mwake ambalo likijulikana litaiaibisha korti. Kawaambia baba yake alifungwa kwa magendo ya karafuu.

Hamad! Marehemu baba yake!

Miaka yote niliyokaa nchi hii nimesema Hamad alifungwa kwa siasa. Tuliokuja wakati ule sote tulikuwa na siasa, hakuna aliyemchimba mwenzake. Siasa gani. Gunia mbili za karafuu za kuvushwa Mombasa, na midomo ya magunia niliishona mie, kwa shazia, kwenye ukumbi wa nyumba yangu, Zeyana kalala kwenye kanga pembeni yangu, hana hata meno.

"Waliniuliza, mama. Nianze kazi ya uhakimu kwa uongo?"

Nikamwambia ndiyo! Uongo mmoja mdogo wa kumsitiri mzee wako! Aibu ya nyumba kaibeba kaipeleka kwa watu wasiotujua, kaimwaga mezani.

"Na kiti wakakupa?"

"Pengine ndiyo sababu wakanipa."

Nikaacha sufuria kwenye povu, nikaingia chumbani. Sikutoka mpaka alfajiri.

Ijumaa, 13 Oktoba

165 kwa 94.

Baada ya sala ya Ijumaa, mlango. Bi Zuwena, peke yake, kapanda ngazi zote kwa sababu lifti mbovu tena. Mikononi sinia la shaba, lile lake la harusi, limefunikwa kawa jipya, ukili wa rangi tatu. Chini ya kawa mkate wa kumimina mzima, umenyanyuka, una harufu ya iliki mpaka kwenye ngazi.

"Sikuja kuomba kitu, shoga yangu."

"Hukuja kuomba kitu na kawa umefungua jipya?"

Akakaa. Akalia. Ni Rukia wake. Rukia kea, anawaogesha wazee majumbani mwao, nyumba saba kwa siku, na nyumba zenyewe ziko mbalimbali, bila gari hawezi. Ana pointi sita za mwendo kwenye leseni. Mwezi wa Julai kakamatwa na simu mkononi, anaendesha. Pointi sita nyengine. Zikifika kumi na mbili leseni inakwenda, miezi sita kwa uchache, isipokuwa mahakimu wakimwonea huruma. Leseni ikienda, kazi imekwenda. Anaitwa Jumanne. Korti ile ile.

Nilijua nini cha kusema. Kwamba Zeyana mkali, hasikilizi, na mie mwenyewe sisemi naye tangu Jumanne. Kwamba kazi yake si yangu. Kwamba sijui hata wanakaa chumba gani.

Nikasema, "Niachie mimi."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Alikuwa kanishika magoti. Hakuna mtu aliyewahi kunishika magoti nchi hii. Nchi hii mie ndiye ninayesimama kwenye madirisha ya maofisi nikiambiwa hujajaza ukurasa wa nne.

Sinia limebaki. Kwetu chombo cha mtu hukirudishi hivi hivi. Unatia kitu ndani, mchele, sukari, hata ndimu tatu, ndiyo unakirudisha. Nyumbani sina kitu cha maana. Nitalitia kitu wiki ijayo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Zeyana karudi sokoni na njaa. Kaona mkate. Kala vipande vitatu na chai ya maziwa, kausifia. Ndiyo tukaanza kusemeshana.

Sikumwambia umetoka wapi. Sikumwambia na la Rukia. Nilikusudia. Lakini kakaa kanyoosha miguu, kacheka, nikasema kesho.

Jumapili, 15 Oktoba

Simu ya Bi Zuwena. Kauliza umeshasema naye? Nikasema nimeshasema. Kasema nini? Kasema kasikia.

Nimeandika hapa kama nilivyosema. Sikuwa nimesema na mtu.

Jumanne, 17 Oktoba

Sikupima.

Zeyana karudi saa tano asubuhi. Hakimu anarudi jioni. Nikasikia ufunguo, nikajua.

Habari yenyewe ni hii. Kesi ya tatu ikaitwa, kaingia Rukia. Zeyana kamwona, kamnong'oneza bibi wa katikati: huyu namjua. Sheria yao ni hiyo, unayemjua humhukumu, unatoka, wanabaki wawili. Hakuna kosa hapo. Kakusanya karatasi zake, kasimama atoke. Rukia kuona anatoka, kapagawa. Kamwita mbele ya watu wote, kwa Kizungu, ili kila mtu afahamu: Dada Zeyana, unakwenda wapi? Mama yangu si ameshaongea na mama yako? Si ulisema umesikia?

Karani kaandika.

Kesi ikaahirishwa. Zeyana kapelekwa chumba cha nyuma, kaulizwa unajua lolote? Kasema sijui lolote. Kisha kakaa kwenye basi kutoka kule mpaka hapa akifikiri. Kaingia na koti mwilini, hakunisalimu.

"Mama. Ule mkate wa kumimina ulitoka wapi?"

Ningeweza kusema nimenunua. Sinia lilikuwa juu ya friji, linatutazama sote wawili.

Jumatano, 18 Oktoba

180 kwa 102. Nesi akiona namba hii ataniita. Na aniite.

Kanishtaki. Mimi! Mamake! Jana usiku ule ule kawaandikia barua korti, kurasa mbili. Kaandika mama yangu alipokea chakula kwa mama wa mshtakiwa. Kaandika mama yangu alitoa ahadi kwa jina langu bila mimi kujua. Kaandika yeye mwenyewe alikula vipande viwili.

Nimemwambia, uliwatapikia ya baba yako, sasa ya mama yako, bado ya nani? Umshtaki na paka wa jirani? Nilikubeba mgongoni tukitoka Pemba. Nimesafisha vyoo vya maofisi ya watu miaka kumi na tisa, mikono ikanuka dawa mpaka Idi, ili wewe ukae mezani uandike Kizungu cha kunishtaki?

Kasema, nisingeandika mama, ningekuwa nimepokea.

Mkate ndio huo! Unga wa mchele na tui! Mtu anahongwa kwa unga wa mchele?

Ijumaa, 20 Oktoba

Hatusemezani. Muna anapeleka maneno baina yetu. Yeye naye karefusha uso. Jana kaniambia kitu, nikashtuka, ilikuwa Kiswahili. "Bibi, umekosea."

Kiswahili chote anacho, kakiweka miaka kumi na sita kwa siku hiyo.

Jumanne, 24 Oktoba

169 kwa 96.

Barua imekuja. Zeyana asikae kortini mpaka jambo lake liangaliwe. Wataliangalia watu watatu. Watatu tena! Nchi hii hawawezi kuhesabu mpaka nne. Wanaweza kumwonya, au kumwacha, au kupeleka jina lake juu zaidi na kiti akanyang'anywa. Akinyang'anywa wanamweka mwengine. Foleni ya wanaotaka kufanya kazi bure, anasema Zeyana, haikosekani.

Na Rukia kasikilizwa leo na mahakimu wengine, asubuhi. Kawaambia habari za wazee wake saba. Wamemsikiliza vizuri, wamemnyang'anya leseni miezi sita. Bi Zuwena kanipigia simu. Alisema neno moja tu, "Ahsante," na sauti ya kukata nyama, akafunga.

Hasira yangu sijui niiweke wapi. Kwa Bi Zuwena, kaja na kawa jipya. Kwa Rukia, simu mkononi na usukani mkononi, kisha mdomo wazi mbele ya korti. Kwa korti, watu wasiolipwa wanapima mkate wa kumimina kama dhahabu. Nimezizungusha hasira zote hizo jikoni tangu asubuhi na zote zinarudi kukaa kiti kimoja.

Zeyana kapiga pasi blauzi ya kortini jana kwa mazoea. Kisha kaitundika, kafunga kabati. Mtoto huyu aliacha skuli akasafisha na mimi. Kaolewa tulikomwambia, kaachwa hakulalamika. Kile kiti ndicho kitu cha kwanza maishani mwake alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe. Ile siku aliyopata barua ya kukubaliwa alikaa kwenye ngazi nje, kaisoma pale pale, hakungoja hata kuingia ndani.

Na mie nilikitoa kiti hicho kwa kushikwa magoti.

Alhamisi, 2 Novemba

166 kwa 93. Mvua. Sinia bado juu ya friji.

Nitaandika ya Pemba, maana hayanipi usingizi wa mchana.

Hamad alihukumiwa na watu watatu. Mmoja mshona viatu, mmoja mwalimu wa watoto wadogo, wa tatu Faki, mtoto wa Bi Kombo, alikuwa akipima karafuu. Hatukuwachagua. Walichaguliwa juu huko na walilipwa kitu kidogo, na wakati mwengine unaamka asubuhi kiti cha mmoja kina mtu mwengine, na hakuna anayeuliza. Tuliwaogopa. Tuliwacheka pia, kwa sababu mshona viatu alikuwa akihukumu na sindano kwenye kofia.

Siku mbili kabla ya kesi nilifanya mkate wa kumimina. Sinia langu, kawa langu, mtoto mgongoni. Nikaenda kwa Bi Kombo, mama yake Faki. Nikalia. Nikamshika magoti. Yeye hakusema niachie mimi. Hakusema kitu. Watoto wa nyumba ile walikuwa na njaa, wameshalifunua kawa kabla sijamaliza kulia.

Kesho yake sinia likarudi. Tupu. Limeoshwa, limekaushwa, halina hata punje ya mchele. Hata ndimu moja.

Hamad akapata miaka mitano. Karafuu alikuwa nazo kweli. Lakini mie sikuwahi kumlaani mshona viatu wala mwalimu wala Faki mwenyewe. Nimemlaani Bi Kombo. Kala mkate wangu, kanirudishia sinia tupu, kama mtu wa kumdharau. Miaka arobaini na ushei kila nikioga josho la Ijumaa namkumbuka na namlaani upya.

Jumanne, 14 Novemba

Nimekwenda.

Zeyana hakutaka. Alisema jambo langu nitalisema mwenyewe, mama. Nikamwambia mkate ulikuja mlangoni kwangu. Nikavaa buibui la siku ya kiapo, nikakaa kwenye basi nyuma yake.

Chumba kidogo, si korti. Chupa za maji. Watu watatu, wanawake wawili, mwanamme mmoja ana kikohozi. Hakuna joho. Wakaniletea mkalimani, mama wa Kikongo mwenye miwani, Kiswahili chake kinapita njia nyengine na changu lakini tukafika pamoja. Nimempenda. Kaninong'oneza mwanzo, "Sema polepole, mama, na usiogope." Nikamwambia siogopi, nimekasirika.

Wakaniuliza. Nikajibu. Ndiyo, nilipokea. Ndiyo, niliahidi. Hapana, sikumwambia. Ndiyo, niliambia watu siku yake ya kukaa kortini, kwa kujisifu. Ndiyo, kwenye simu niliongopa kwamba kasikia. Alipokula mkate alijua ulikotoka? Hakujua. Nilimficha.

Yule wa kikohozi akasoma karatasi. Mwanao ameandika alikula vipande viwili.

Vitatu, nikasema.

Zeyana akageuka kunitazama.

Vitatu, nikasema tena, niliviona, cha tatu alikibana mdomoni akitafuta mfuniko wa chupa ya maziwa. Kasahau. Lakini mkiandika andikeni vitatu.

Yule mama wa Kikongo akatafsiri na mdomo unamchezacheza. Mmoja wa wale wanawake kainamisha kichwa.

Kisha wakaniuliza kama nina la kuongeza. Sikuwa nimelipanga. Nikawaambia, huyu mliyemwita hapa mlimwuliza kama ana aibu nyumbani kwao, akawapa aibu ya baba yake aliyekwishakufa, ambayo mie niliificha nchi hii nzima. Mlimwuliza tena, akawapa ya mama yake aliye hai, ambaye anakaa naye nyumba moja na anampikia. Mimi nilimtukana mara zote mbili. Mnataka hakimu wa namna gani zaidi? Hamumlipi. Hamkumpigia kura. Mnayo haki ya kumtoa, mtoeni. Lakini mseme mnamtoa kwa sababu ya mama yake. Msiseme kwa sababu yake.

Nikanywa maji yao yote.

Kwenye basi kurudi Zeyana kakaa kiti changu, si cha mbele. Tukapita vituo vinne.

"Vitatu, mama?"

"Vitatu."

Ijumaa, 17 Novemba

155 kwa 89. Nesi kafurahi. Nikamwambia asifurahi bado.

Alhamisi, 30 Novemba

Barua.

Muna kaifungua, kaisoma mwanzo mpaka mwisho kwa Kizungu, kisha akaanza tena kutoka juu, kwa Kiswahili, pole pole, kwa ajili yangu. Zeyana hana kosa. Alitoka alipomjua mtu, na alipojua zaidi alisema mwenyewe, siku ile ile. Anarudi kwenye kiti. Wamemkumbusha, kwa adabu, awaelimishe watu wa nyumbani kwake.

Watu wa nyumbani kwake! Mimi!

Zeyana kacheka mpaka kashika meza. Mie nimekasirika. Kisha nimekwenda kuvua miwani chumbani, ilikuwa imeingia maji.

Jumamosi, 9 Desemba

152 kwa 88.

Nimeliosha sinia la Bi Zuwena. Nimelisugua kwa ndimu na chumvi mpaka likang'aa kama la harusini. Kawa nimelipangusa kwa kitambaa kikavu.

Kisha nikasimama jikoni na sinia mkononi. Mchele upo sasa, wa biriani, kilo tano. Sukari ipo. Ndimu zipo. Nilifungua mfuko wa mchele, nikatia mkono.

Nikautoa.

Nikitia mchele, Bi Zuwena atasema namlipa. Au atasema namwomba radhi kwa yaliyoharibika, mara nyengine nitamsaidia. Kila punje ataisoma. Mkate ulishaliwa, siwezi kuurudisha. Kilichobaki mikononi mwangu ni kutotia kitu.

Nikalibeba tupu. Sijawahi, tangu nizaliwe.

Basi moja, kisha miguu. Rukia ndiye aliyenifungulia, koti la kazi mwilini, anatoka. Anakwenda kwa basi kwa wazee wake wa karibu, wawili, watano kapewa mtu mwengine. Kanisalimu vizuri, shikamoo Bi Mize, kanipisha. Adabu aliyonayo mtoto yule, na nilimponda kwenye daftari hili.

Bi Zuwena katoka jikoni. Kalipokea sinia kwa mikono miwili. Kanyanyua kawa. Katazama ndani. Hakunitazama mimi, katazama ndani ya shaba mpaka nikaona uso wake pale chini, umepinda.

Hakusema kitu. Nikarudi nyuma mpaka nje. Nilitaka kumwambia. Ningemwambia nini? Ningemwambia najua unachofikiri sasa hivi, kwa sababu nami nilikifikiri, mlangoni kwangu, na mtoto mgongoni.

Kafunga mlango pole pole. Angebamiza ningeona nafuu.

Njiani nimemsomea Bi Kombo fatiha. Kwa sauti, kwenye basi, mtu kahama kiti. Watoto wake walikuwa na njaa, mkate ulikuwa umeshaliwa. Angenitilia mchele, ningerudi nyumbani nikijua Faki kakubali, na ningekwenda kortini nikitabasamu. Hakunitilia hata ndimu. Alinijibu, nikashindwa kusikia.

Bado sijamsamehe kwa ile miaka mitano. Lakini laana nimeacha.

Nimerudi. Zeyana kalala kwenye kochi na viatu. Jumanne yuko kortini. Nimetoa blauzi kabatini, nimewasha pasi.

Kola ndiyo inayochelewa kunyooka. Naipitisha mara mbili.